Kinu Kitupu cha Bi Mwanaheri

Bi Mwanaheri aliuegemeza mchi ukutani, akajifuta jasho, na kinu kikaendelea kulia.

Twi. Twi. Kisha kimya. Akakichungulia, hakina kitu. Akajiambia ni jirani wa nyuma anatwanga kisamvu. Lakini jirani wa nyuma alishahamia Kinyerezi, na Bi Mwanaheri mwenyewe ndiye aliyemsaidia kufunga vyombo.

Mtaa mzima wa Mtoni ulikijua kinu kile. Kikilia, watu wanajua kuna mwari ndani anasingwa, anapakwa singo ya harusi. Liwa, karafuu, mawaridi, vyote somo huyu, mkufunzi wa wari, alivitwanga kwa mkono wake, na biharusi aliyepita kwake alinukia mpaka fungate inakwisha. Sasa bega la kulia lilikuwa limekufa ganzi, hata kitunguu saumu kinamshinda kutwanga. Kumwambia mtu, hathubutu. Somo mzima, aliyewasinga mabinti na mama zao, leo aseme mkono umekataa? Bora ardhi ipasuke aingie.

Ndipo alipokwenda kwa Azzam, yule Mwarabu mwenye duka Barabara ya Kilwa, ambaye tangu mambo ya ruksa yaanze na bidhaa za nje kufunguliwa hakosi kitu cha Dubai. Azzam akamtolea kopo dogo linalometameta.

"Huu unga wa maabara, Bi Mwanaheri. Umesagwa mpaka chembe yake huioni kwa jicho wala kwa miwani. Singo zenu zinakaa juu ya ngozi. Huu unazama, mwari anang'aa kutokea ndani."

"Na ukishazama, unatokea wapi?"

Azzam akacheka. "Lo! Hilo kwenye kopo hawajaandika, bibi."

Akalichukua. Na ili majirani wasishtuke, akawa anakitwanga kinu kitupu kwa mkono wa kushoto, polepole, wasikie. Kinu kitupu, jamani! Bibi yake alimkanya tangu yu msichana kwamba kutwanga kinu kitupu ni kuita, na anayeitika si mtu. Alilikumbuka hilo, akatwanga.

Mwari mwenyewe alikuwa Munira, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutambaa. Ndoa Ijumaa. Alipopakwa mara ya kwanza aling'aa hata mama yake, Zubeda, akashindwa kujizuia.

"Wifi, mikono yako ina baraka!"

Bi Mwanaheri akainamisha uso. Sifa zile zilimchoma kuliko tusi.

Siku ya pili chumba kilinuka chuma cha moto, juu ya asumini na udi, na hakuna aliyewasha jiko. Magharibi ilipoingia, kabla taa haijawashwa, Bi Mwanaheri akapenua pazia na kumwona Munira amelala chali, na chini ya ngozi yake kuna mwanga mwembamba unaotembea, unapanda kutoka kwenye nyayo, unapita magotini, unajikusanya kifuani na kutawanyika tena, na alipoinama kumsikiliza anavyohema alisikia, humo humo kifuani, si moyo, ila mchi unapiga kinu, twi, twi, kwa mwendo ule ule wa mkono wake wa kushoto.

"Shangazi," Munira akanong'ona, "mbona wananitwanga?"

Alitakiwa aseme habari ya kopo pale pale. Akamfunika kanga, akatoka.

Kesho yake alasiri aliletwa Mwalimu Talha, mganga anayejua kuzungumza na majini. Akafukiza ubani, akamnywesha Munira kombe, maji yaliyooshea aya, akasoma mpaka jasho likamtiririka. Munira akaketi wima. Sauti iliyomtoka haikuwa moja, zilikuwa nyingi, nyembamba, zinasemea kwenye meno, kwenye kucha, kwenye nywele.

"Nani wewe?" Talha akauliza. "Taja jina."

"Sie hatuna jina. Sie vumbi."

"Mmeingilia wapi?"

"Hatukuhitaji mlango. Tulibishiwa hodi, tukapakwa."

"Mnataka nini mtoke?"

"Aliyetuita aseme. Mbele ya watu, kwa kinywa chake. Tutatoka."

Talha akawageukia waliokuwamo. Zubeda akaanza kulia, anaapa kwa watoto wake kwamba hajui kitu. Bi Mwanaheri alihisi kopo limemganda kiunoni, alipolifunga kwa upindo wa kanga. Neno moja tu! Lakini aliwaona Zubeda na Talha wanamtazama kwa heshima, na nje wanawake wa mtaa wamejazana mkekani wanangoja kusikia, na aibu ikamtafutia neno jingine.

"Hiki ni kijicho," akasema. "Kijicho cha majirani. Mie singo yangu naijua, nimeitwanga mwenyewe."

Sauti zile zikacheka, zikanyamaza zote pamoja. Munira akafumbua macho. Alikuwa yeye mwenyewe sasa, mtoto wa kaka yake, na mwanga ulikuwa umefika shingoni.

"Shangazi," akasema taratibu, akimshika mkono, "mie nilikuona ukifungua lile kopo. Niliona mkono ulivyokukataa. Nikanyamaza nisikuaibishe."

Kisha mwanga ukamfika machoni, macho yakageuka meupe, na mkono wake ulioshika mkono wa shangazi yake ukaanza kupoa.

Bi Mwanaheri akaanguka magotini. Aibu yote ikamtoka, jina likamtoka, kilichobaki ni mtoto. Akalichomoa kopo, akaliinua watu walione, akafungua kinywa apige kelele kwamba ni yeye, ni yeye aliyeita, wamwache Munira wamchukue yeye.

Twi, kikasema kinywa chake. Twi. Twi.

Na kule nje, mkekani, wanawake waliposikia kinu cha Bi Mwanaheri kinalia, wakajua singo imeanza tena, mwari amepona, wakapiga vigelegele.