Shangazi Spika Anunua Kompyuta

Kwa miaka thelathini na moja, mwanamke mmoja alitangaza safari katika kituo kikubwa cha mabasi. Alikaa kwenye kibanda cha vioo, akawaambia watu basi lipi linaondoka, saa ngapi, na lango gani. Sauti yake ilikuwa nene na safi. Hata mtu aliyesinzia juu ya mizigo yake aliisikia akaamka. Wenzake walimwita Spika, na jina hilo likamganda.

Alipostaafu alihamia kwa binti wa kaka yake. Binti huyo alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Huko mama yule akawa Shangazi Spika.

Miezi ya mwanzo ilimwia vigumu. Aliamka alfajiri kwa mazoea, akavaa, kisha akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, kimya. Ukimsalimia, alikujibu neno moja. Msusi aliingiwa na wasiwasi, maana hakuwahi kumwona shangazi yake amekosa la kusema.

Siku moja msusi alimpa simu yake ajiliwaze. Ndani yake mlikuwa na gemu ya kuendesha malori. Unapakia mzigo, unafuata barabara, unaushusha mji mwingine. Mwanzoni Shangazi aligonga ukuta, akagonga nguzo, akaingia mtoni. Baada ya wiki mbili alikuwa anakata kona na trela refu bila kugusa ukingo wa barabara. Na kila alipoendesha, alisimulia. Alimsema dereva wa mbele. Alitoa kisa cha abiria aliyepanda basi la harusi akidhani linampeleka kazini, akala, akacheza, na jioni akarudishwa nyumbani na keki. Wateja walicheka mpaka msusi akawaomba watulize vichwa.

Mteja mmoja alimweleza kwamba kuna watu wanaocheza gemu mtandaoni huku wengine wakiwatazama mubashara, palepale mambo yanapotokea. Wakajaribu kwa simu. Watu kumi na mmoja waliingia kutazama. Shangazi alichangamka kama aliyerudishiwa kibanda chake. Lakini baada ya robo saa simu ilipata moto kama pasi, picha ikakwama, sauti ikakatika, na simu ikajizima. Walijaribu tena kesho yake, mambo yakawa yaleyale. Mara ya tatu watazamaji walikuwa wawili tu.

Siku hiyo Shangazi alirudi kwenye kiti cha dirishani. Alikaa pale mpaka chai ikapoa. Kisha akamwambia msusi, "Nitanunua kompyuta. Kiinua mgongo changu kipo, na sikukiweka kinitazame."

Asubuhi walikwenda kwenye duka la kompyuta. Mbele kabisa palikuwa na kompyuta ya mezani iliyowaka taa nyekundu, bluu na zambarau. Ubavuni ilikuwa na kibandiko cha simba anayenguruma. Muuzaji alisema hiyo ndiyo kompyuta ya gemu, inacheza kila kitu, na imebaki moja tu. Msusi aliipenda papo hapo. Shangazi naye aliipenda, ila hakuwa mtu wa kulipa kitu mara tu anapokiona. Alisema atarudi baada ya chakula cha mchana.

Njiani walipita kwa jirani yao, mwanamke aliyetengeneza kompyuta kwenye karakana yake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Watu walimwita Mama Waya. Walimkuta amefungua kompyuta ya mtu, anaipuliza vumbi kwa brashi na pumzi. Shangazi alimsimulia habari ya simba na taa.

"Ndani ina nini?" Mama Waya aliuliza.

Shangazi alifikiri. "Ina taa," alisema.

"Taa ni za kutazama, dada. Hazichezi gemu. Nauliza ndani."

"Ndani sikuingia."

Mama Waya alicheka, akafuta kiti, akamkaribisha. Alitaka kujua kwanza Shangazi anataka kucheza gemu gani. Kisha akaitafuta gemu ya malori mtandaoni. Alimwonyesha kwamba kila gemu ya kompyuta huandikwa mahitaji yake. Kuna kiwango cha chini, na kuna kiwango kinachopendekezwa. Alisema kiwango cha chini ni cha kuponea tu. Na mtu anayetaka kurusha mubashara aende juu zaidi, kwa sababu kompyuta itafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kucheza na kurusha.

Akaivuta karibu ile kompyuta iliyokuwa wazi. Aligusa kadi moja pana yenye feni.

"Hii ndiyo kadi ya picha," alisema. "Ndiyo inayochora barabara, lori na mvua. Kompyuta nyingi za ofisini hazina kadi kama hii. Kwa gemu, uulizie hii kabla ya kitu kingine. Ikiwa nzuri, itasaidia pia kurusha picha zako mtandaoni."

Kisha alimwonyesha prosesa, ambayo ndiyo inayopiga hesabu za kazi zote. Alimwonyesha ramu, mahali ambapo kompyuta huweka mambo inayoyashughulikia kwa wakati huo. Alisema gemu na kurusha vikiwa pamoja, atafute ramu ya gigabaiti kumi na sita. Diski ya kuhifadhia iwe ya aina mpya isiyozunguka, inayoitwa SSD, ili gemu ifunguke haraka. Mwisho aligonga kwa kidole kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Alionya kwamba kikiwa hafifu, kinaweza kuharibu vyote vilivyobaki.

Msusi aliuliza kama si afadhali wanunue laptopu. Mama Waya alisema laptopu inamfaa mtu wa kuhamahama. Ila kwa bei ileile, kompyuta ya mezani mara nyingi huwa na nguvu zaidi, haipati moto upesi, na kifaa kimoja kikichoka unabadilisha hicho tu. Shangazi alisema yeye amehama mara moja, na hana mpango wa kuhama tena.

Alasiri walirudi dukani watatu. Mama Waya hakugombana na mtu. Alimwomba muuzaji kwa upole aiwashe ile kompyuta ya taa na kufungua ukurasa unaoonyesha vilivyomo ndani. Ramu ilikuwa gigabaiti nne tu. Kadi ya picha haikuwamo. Hata hivyo Shangazi alitaka kuona kwa macho yake, kwa hiyo wakaifungua gemu ya malori. Lori lilisogea, likasimama, likasogea, likasimama.

"Hili lina kikohozi," Shangazi alisema.

Muuzaji aliona haya. Alikiri kwamba yeye aliletewa hivyo, akaambiwa ni ya gemu, naye akaamini kwa sababu ya taa. Shangazi alimwambia asijali, hata yeye aliamini. Muuzaji akaenda nyuma ya duka, akarudi na kompyuta nyeusi isiyo na pambo lolote. Ilikuwa imetumika mwaka mmoja. Mama Waya aliikagua kwa muda mrefu. Kadi ya picha ilikuwamo, ramu ilikuwa kumi na sita, na diski ilikuwa ya aina mpya. Waliiacha icheze gemu kwa nusu saa nzima ili waone kama itapata moto. Feni ziliunguruma kidogo, lakini lori lilikwenda bila kusita. Shangazi aliinunua. Mama Waya alihakikisha dhamana ya miezi sita imeandikwa kwenye risiti.

Zilibaki skrini na kamera. Msusi alitaka kamera kubwa. Mama Waya alishauri kamera iwe ya kawaida, na maiki ndiyo iwe nzuri. "Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo," alisema. "Sauti ikikwaruza, anaondoka. Na wewe, dada, mtaji wako ni sauti." Shangazi aliishika maiki mkononi, akaigeuza, akaisogeza karibu na mdomo.

Nyumbani, Mama Waya alipima intaneti. Alieleza kwamba watu wengi hutazama kasi ya kupakua tu, yaani vitu vinavyoingia. Anayerusha mubashara atazame kasi ya kupakia, yaani vitu vinavyotoka. Kwao ya kupakia ilitosha kwa picha ya ubora wa kati, ila iliyumbayumba. Mama Waya alivuta waya kutoka kwenye kifaa cha intaneti hadi kwenye kompyuta, na kasi ikatulia. Aliunganisha pia betri ya akiba, ili umeme ukikatika wapate dakika chache za kuzima kompyuta taratibu.

Kisha alisimama mahali pa kamera, akatazama. Nyuma ya kiti cha Shangazi palionekana bango la saluni, namba ya simu, na kupitia dirishani, lango lao. Akawataka wageuze meza. Watazamaji wengi ni watu wema, alisema, lakini hakuna haja ya kumwonyesha kila mtu unapolala. Aliwasaidia pia kuchagua nywila ndefu ya akaunti ya kurushia, na kuwasha kinga ya pili inayotuma namba kwenye simu kabla ya kuingia.

Jumamosi saa kumi alasiri, Shangazi Spika aliingia hewani. Alikuwa amevaa gauni la njano na kujifunga kilemba. Aliwasalimu watazamaji, akawaeleza barabara, akatoa visa viwili vya nguvu. Hakuna aliyecheka. Kisha maandishi yakaanza kupita pembeni mwa skrini: hatukusikii. Maiki haikuwashwa. Mwanamke ambaye nusu ya mji ilimsikia kwa miaka thelathini na moja alikuwa amezungumza dakika nane peke yake. Msusi alijifunika uso kwa kitana. Shangazi aliwasha maiki, akasafisha koo.

"Ndugu abiria," alisema, "samahani kwa kuchelewa."

Baada ya hapo hakusimama. Picha haikukwama, sauti haikukatika, kompyuta haikujizima. Watazamaji walifika ishirini, kisha arobaini. Kati yao kulikuwa na dereva wa lori wa kweli. Aliandika kwamba yuko mpakani, lori lake limeharibika, na anasubiri kipuri kwa siku ya pili sasa. Alisema hii ndiyo mara ya kwanza amecheka tangu jana.

Shangazi alimuuliza amebeba nini. Vitunguu, yule dereva aliandika. Tani kumi.

Shangazi alitazama ramani ya gemu. Mpaka ule haukuwamo, na wala nchi yenyewe haikuwamo. Aliwasha taa ya kuashiria kona, akaligeuza lori lake kubwa katikati ya barabara, taratibu, huku watu arobaini wakimtazama.

"Vumilia, baba," alisema. "Tunakuja."