Tulisema Hajambo

Jamani, nisikilizeni mimi kizee, niliyeishia darasa la nne kwa kucheka ovyo. Leo sichekeshi sana.

Kwetu ni kwa dobi. Asubuhi ile pasi ilikuwa inafoka mvuke, mwanangu ananyoosha mashati, mkewe anakunja. Mjukuu wangu wa miezi minne, tuliyemwita Kijiko kwa udogo wake, alikuwa amelala kwenye kapu la mashuka safi. Sisi ni weusi ti, tena watu wa kuja. Wenyeji hutuita Masizi. Mimi huwajibu, "Masizi hukaa jikoni kunakopikwa. Kwako je, kunapikwa?"

Alipoamka mama yake akamnyonyesha; mara akaachia ziwa, jasho linamtiririka, anahema kama aliyepanda ngazi.

"Mama," mkwe wangu akaniambia, "huyu anachoka kunyonya. Tangu lini kunyonya kukachosha?"

"Twende kliniki. Ila tumpake mafuta kwanza, ang'ae. Na usilalamike sana, watatuita wazushi."

Hilo kosa ni langu, nalitaja kwa kinywa changu. Watu wetu hatuendi kliniki mpaka tung'ae kama sufuria mpya, tusije tukadharauliwa.

Huko kliniki nesi alitazama picha ya dalili za hatari ukutani, mtoto mweupe mwenye midomo ya bluu. Kisha akamtazama Kijiko.

"Wenu hana bluu. Anaendeleaje?"

Mkwe wangu akanitupia jicho. "Hajambo, nesi."

"Basi. Nyie wa kule mna wasiwasi! Rudini mwezi ujao."

Kinywa cha mtoto hakukifungua.

Wiki ileile mtoto wa jirani yetu fundi saa, mweupe huyo, midomo ilimgeuka bluu. Nesi yuleyule akamwona, na jioni mtoto akawa hospitali kubwa. Moyo wake ulizaliwa na kasoro. Akapasuliwa, akapona.

Mwezi haujaisha, mama yake akaja kuchukua nguo, akainamia kapu. "Bibi, mbona anahema kama wangu alivyokuwa? Mfungue kinywa."

Ulimi na fizi vilikuwa kama vimelambishwa wino.

Tukakimbia hospitali. Daktari akasikiliza kifua, akavua miwani. "Kasoro ileile. Mngekuja mapema."

"Tulikuja," nikamwambia. "Andika hapo, baba. Tulikuja."

Akaandika. Kijiko akatutoka siku ya tatu, zamu yake ya upasuaji haijafika.

Yule wa fundi saa sasa anatembea. Huja kuvuta mashuka yangu, nami humkimbiza kwa utani. Kisha mimi hujificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, nikafuta uso.

FUNZO

Wauguzi, picha ya ukutani si watoto wote. Mtoto mweusi mfungueni kinywa, mtazame ulimi na fizi, na mumsikilize mama yake. Nanyi kina mama, mtoto akichoka kunyonya na kutoka jasho, msiseme hajambo. Semeni anaumwa, semeni tena, waacheni wawaite wazushi. Mafuta mtampaka mkirudi naye.