Kijiji Kilichofutwa Kitabuni

Chai ilianza kunuka tope siku ya Jumatatu. Qiu Lanping aliimwaga, akasugua chupa, akachemsha maji mapya. Tope lile lile.

Hakuwa hata na nguvu ya kushangaa. Miaka minne ya jiografia chuoni, miwili ya kutembeza vyeti, na sasa kibarua katika ofisi ya historia ya Langtan, kimji kilichohamishiwa mlimani bwawa lilipojengwa, ambacho hata madereva wa mabasi hukipita bila kupunguza mwendo. Kazi yake ilikuwa kuandika kitabu cha mito, milima na vijiji vya wilaya. Kikiisha mwezi huu, anaajiriwa. Kisipoisha, arudi kwa mama yake akaulizwe ataolewa lini.

"Kijiji cha Shuangjing kifute," alisema Bosi Gong, akikunjua kitanda chake cha usingizi wa mchana. "Kiko chini ya maji miaka thelathini. Samaki hawasomi."

"Lakini bosi, watu waliishi pale."

"Na wewe unataka kuishi wapi? Futa."

Akafuta.

Saa saba mchana ofisi nzima ililala, kama kawaida. Lanping akalaza kichwa mezani. Kitu kikamkalia mgongoni, kizito, baridi, kikimchuruzikia maji shingoni, na alipotaka kupiga kelele ulimi ukagoma, harufu ya tope ikamjaa puani, na sauti ya kikongwe ikamnong'oneza sikioni bila pumzi, bila hata hasira, kwa uchovu tu wa mtu aliyepanga foleni kwenye dirisha lisilofunguliwa: "Kwetu wapi? Niandikie kwetu ni wapi."

Alizinduka. Kola ilikuwa chapachapa.

"Na wewe kakujia?" Shangazi Tian, mfagiaji, alinong'ona. "Mie mzaliwa wa Shuangjing. Makaburi yetu yalibaki chini. Kila mwezi wa saba tunawachomea wafu wetu bahasha za pesa za karatasi, matumizi yao huko waliko, kila moja na jina na anwani. Ukifuta anwani, binti, watapokelea wapi?"

"Shangazi, mimi mwenyewe sina kwangu. Wananifuata mimi kwa nini?"

"Kwani nani kafuta?"

Lanping akakirudisha kijiji, mistari mitatu. Jioni Bosi Gong akaiona, akacheka, akaifuta kwa mkono wake. "Kesho kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa. Ukinichelewesha, mlango ule pale."

Kesho yake mchana, bosi hakuamka. Macho yalikuwa meupe, maji ya kahawia yakimtiririka mdomoni hadi kwenye mto wa kulalia, na sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikuwa ya yule kikongwe, ikihesabu bila kupumua: "Kutoka kisima cha juu, nyumba ya kwanza, Tian Dexing na wanawe wanne, nyumba ya pili..."

Shangazi Tian akapiga magoti. Simu ikaanza kulia. Kiwanda cha uchapaji. Ikalia, ikalia, ikakatika, na ajira ikaenda nayo. Lanping akavuta karatasi.

"Polepole, bibi," alisema. "Hiyo ya pili ni ya nani?"