Mimba Iliyojishikiza Kwenye Kovu

Jucilene alikuwa akikaanga samaki wa kula na asai, rojo zito la tunda la kwetu, nilipopita kumjulia hali. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, hapa jijini Belém. Jucilene ana wavulana wawili, wote walizaliwa kwa upasuaji. Mtaani kwetu karibu kila mama ana kovu, hata hatuulizi tena. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na kwa kuwa alitamani msichana, jina alikwisha kulichagua.

"Nimeona damu kidogo, da Ivonete," aliniambia. "Lakini mama mkwe ameshanipa chupa."

Chupa hiyo ni magome ya miti yaliyolowekwa kwenye mvinyo. Wanawake wa kwetu huinywa kwa kila tatizo la tumbo.

"Inashikilia mimba," alisema mama mkwe wake, Dona Zulmira. "Mimi nimezaa tisa bila mashine za hospitali."

"Na hukupasuliwa hata mara moja," nilimjibu. "Huyu ana kovu, na damu inatoka. Twende hospitali."

Dona Zulmira alininunia, lakini mimi na Jucilene tulikwenda. Edivaldo, mume wa Jucilene, alitukuta huko.

Daktari Tarcila alimpiga picha ya tumbo.

"Mimba imejishikiza kwenye kovu la upasuaji," alisema. "Ukuta wa mfuko wa uzazi hapo ni mwembamba mno."

"Moyo wa mtoto unapiga?" Jucilene aliuliza.

"Unapiga."

"Basi msogeze juu, daktari. Kidogo tu."

"Hakuna awezaye, mdogo wangu. Ikikua, kovu linaweza kupasuka. Utavuja damu nyingi. Tunaweza kukupoteza, au kulazimika kuondoa mfuko wote wa uzazi."

Edivaldo alishika kichwa. Daktari akaeleza taratibu.

"Kuna sindano ya kuzuia mimba isikue. Moyo ukiwa unapiga, mara nyingi peke yake haitoshi. Kuna kuinyonya mimba kwa mrija huku tukitazama kwenye picha, na puto dogo la kukandamiza damu. Au tunapasua, tunaitoa, tunashona kovu upya. Kukwangua bila kuona ni hatari, damu humwagika. Kwako wewe, kwa kuwa mimba ni changa, nashauri mrija."

"Kwa hiyo njia zote zinamuua," alisema Jucilene.

"Ndiyo. Yeye sina njia ya kumwokoa. Wewe ninayo."

Jucilene alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema, "Wanangu wananingoja nyumbani. Fanyeni."

Alipona, na mfuko wa uzazi ulibaki. Aliambiwa asishike mimba tena kabla ya kuchunguzwa, na akishika, awahi kupiga picha mapema kabisa. Lakini nyumba ile ilikuwa na msiba usio na kaburi. Dona Zulmira alimlisha mkwewe mchuzi kwa mkono wake, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Miezi ilipita. Jirani yao Claudiane, naye ana kovu, akashika mimba. Jucilene mwenyewe alimpeleka kupiga picha, kabla hata ya kuona damu, nami nikafuatana nao.

"Imekaa mahali pake," daktari alisema.

"Hongera, shoga yangu," Jucilene alimwambia, akamkumbatia. Kisha akatoka, akakaa kwenye ngazi za hospitali. Nilikaa naye.

"Nimefurahi, da Ivonete," alisema, na machozi yanamtiririka. "Kweli nimefurahi."