Propela Mezani kwa Duane

Haya yalimpata rafiki yangu Lorna, huku kwetu Dakota Kaskazini, wakati wa theluji. Pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa inagonga upande wa chini, na kesho yake alitakiwa kumpeleka mwanawe hospitali, mbali.

Akaipeleka kwa fundi Duane. Huyu ni mjuaji, na huwadharau wanawake kuliko anavyodharau kutu.

"Mama, kinachogonga ni kichwa chako. Hata mumeo alinisumbua na kelele hizo hizo, wiki ile aliyokufa. Nikamfukuza."

"Hukuitazama. Leo utaitazama," Lorna akajibu.

Duane akanung'unika, akaifungua propela, ile shafti ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma, akaitupa mezani. Pikapu hiyo huweza kwenda kwa magurudumu ya mbele tu, basi wakafunga gereji wakaenda kuijaribu barabarani bila propela. Mawingu yalikuwa yameshatia giza.

Ko. Ko. Ko.

"Umesikia, bwana mjuaji?"

"Nimesikia kwamba si propela," Duane akacheka. "Propela imelala mezani kwangu."

Waliporudi, gereji ilikuwa giza, na humo ndani kitu kilikuwa kinagonga, polepole, kisha polepole zaidi, kama gari linalosimama. Duane akawasha taa. Hakucheka tena.

"Usiipande hiyo kesho," akanong'ona.

"Basi nipe funguo za gari lako."

Akampa, macho mezani. Propela ilikuwa pale pale alipoitupa, ya moto, ikifuka mvuke, na matope ya theluji ya barabarani yakichuruzika mpaka sakafuni.