Kumi na Nane Juu ya Kumi na Saba

Kijiko kilianguka kwenye sementi. Ting'. Halafu kimya.

Providence alifungua macho gizani. Kulikuwa hakujapambazuka katika mtaa wa Songo, na umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Alinyoosha mkono. Mume wake, Cyprien, alikuwa pembeni yake, ubavu una joto, anakoroma kidogo. Upande wa pili wa pazia, sebuleni, hakuna kilichosikika tena. Panya, alijiambia, akarudi kulala. Ilikuwa Jumamosi, siku ya Sabato, na Jumamosi nyumba yao haikuwa na haraka.

Saa nne asubuhi Cyprien alikuwa amelala tena, safari hii kando ya barabara ya Kiliba, kwenye majani makavu ya miwa, na hakuna mkono ambao ungemwamsha.

Inspekta Apolline alichuchumaa karibu na mwili. Shati jeupe la kanisani. Tai ya bluu. Viatu vilivyopigwa rangi asubuhi ileile.

"Walioshuhudia?"

"Mama mmoja, muuza mihogo," alijibu askari wake, Basile. "Anasema hakuna gari iliyomgonga. Piki iliyumba yenyewe, nyuma ikaruka kama mbuzi, mutu akaenda na kichwa."

Apolline alisogea kwenye pikipiki. Tairi la nyuma lilikuwa limetoka kwenye chuma chake na kulala pembeni kama ngozi ya nyoka. Kwenye chuma kulikuwa na vipande vyeusi vya mpira, vimezungushwa mara nyingi kama bandeji.

"Soma namba ya tairi."

Basile alifuta matope kwa kidole. "Trois cents, dix-huit."

"Na ya janti?"

Basile alitafuta kwenye chuma. "Dix-sept, mama."

Kumi na nane juu ya kumi na saba. Kiatu cha mtu mzima kwenye mguu wa mtoto. Apolline alipiga picha. Kisha akaona mikwaruzo kwenye ukingo wa chuma, myembamba, mingi, bado inang'aa. Chuma cha fundi hukwaruza kwa upana. Hiki kilikuwa kitu chembamba.

Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni, kioo kimepasuka lakini inawaka. Simu moja ilipokelewa saa tatu kasoro dakika kumi. Halafu kumi na moja ambazo hazikupokelewa, zote za jina moja: Ezéchiel.

"Ezéchiel ni nani?"

"Shemeji yake. Mudogo wa Providence. Naye ni motard, anabeba watu na piki, analala kwa Cyprien."

Apolline aliandika jina hilo, akalizungushia duara.

Jioni ile waendesha pikipiki wa Songo walimleta kituoni mtu aliyechanika shati, mdomo umevimba. Walisema ndiye muuaji, kwa kuwa ndiye aliyemuuzia Cyprien tairi. Apolline alimfungia mahabusu, si kwa sababu ya kosa lake, bali kwa sababu nje kulikuwa na mawe mengi.

"Jina?"

"Bruno. Bruno wa kwado, pale kwenye kona. Hapa Songo piki yote iliyotoboka inapitia mu mikono yangu."

"Ulimuuzia Cyprien tairi?"

"Ndiyo, minye njo nilimuuzia. Wiki tatu zimepita. Mupya. Nilimufungia na mikono yangu."

"Kipimo?"

"Trois cents, dix-sept."

"Iliyomuua ni dix-huit."

"Basi haiko yangu, mama! Minye nichanganye dix-sept na dix-huit? Miaka kumi na mbili mu kazi hii?"

"Nieleze kama mtu asiyejua piki."

Bruno alijifuta mdomo. Alipoanza kueleza kazi yake, sauti iliacha kutetemeka.

"Namba ya kwanza ni unene. Ile unaweza kuidanganya kidogo. Ukikosa nyembamba ya mbele, weka ya unene wa nyuma, utaenda tu, kama haigusi kinga ya matope. Lakini namba ya mwisho ni kimo cha janti. Ile haidanganywe. Sasa tangu mpaka wa nchi unafungwa na kufunguliwa, malori hayaleti tena dix-sept. Inakuja dix-huit tu. Watu wanafanya nini? Wanazungusha vipande vya mpira wa ndani ku janti mpaka inakuwa nono, wanapachika."

"Na inashika?"

"Mu mji, inashika. Muntu mumoja, polepole. Lakini kimbiza mu lami, janti ipate moto, mpira unalainika. Pneu, ile tairi yenyewe, inazunguka peke yake, inakata mudomo wa hewa." Alipiga kofi moja. "Imekwisha."

"Wewe hufungi hivyo?"

"Nilikataa. Ndiyo wananichukia. Nilimuambia mumoja, heri utembee na miguu. Akaniita mwenye roho mbaya."

"Nani huyo?"

Bruno alisita. "Walikuwa wengi."

"Utathibitishaje kwamba tairi lako ni lingine?"

"Kila pneu ninauzisha, nachoma nukta tatu ndani na waya wa moto. Sababu kuna watu wanaletaka za kwingine, wananiambia Bruno umeniibia. Tafuta pneu ya nukta tatu, mama. Mwenye iko nayo, muulize yeye."

Nje, Vainqueur, mkubwa wa waendesha pikipiki wa mtaa, alikuwa anangoja, mikono kifuani.

"Mama inspekta, kesho saa sita tunamuzika Cyprien. Tukirudi kutoka makaburini bila wewe kutupa jina lingine, kibanda ya Bruno tunachoma. Na mwenyewe tunakuja kumutoa hapa, tunamuchoma nayo. Iko na watoto wanne, tunajua. Cyprien naye alikuwa na mutoto, Ornella."

"Vainqueur, piki yako ni ile nyekundu?"

"Ndiyo."

"Nyuma umefunga nini?"

Vainqueur aliangalia viatu vyake. Mmoja nyuma yake akacheka, akanyamaza haraka.

"Dix-huit," alisema Vainqueur.

"Na vipande?"

"Na vipande."

"Basi ukitaka kuchoma, anzia kwako."

Jumapili asubuhi Apolline aliingia kwenye nyumba ya msiba. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wakiimba chinichini. Kijana mmoja mrefu alikuwa anazunguka uani, anapanga viti, anachota maji, anarudi kupanga viti vilevile. Huyo alikuwa Ezéchiel. Majirani walisema hajakaa chini tangu jana.

"Ezéchiel, jana ulikuwa wapi?"

"Sange. Hospitali. Muke wangu Aline amezaa." Hakukiweka chini kiti alichoshika. "Alikuwa kwa mama yake, Runingu. Usiku wakaniambia uchungu umeanza, haiendi vizuri. Nikatoka saa kumi na moja ya alfajiri, nikamubeba mpaka Sange."

"Na Cyprien alikuwa anaenda wapi, siku ya Sabato?"

Kijana alirudi kupanga viti.

"Alikuwa anaenda kule kule," Providence alijibu kutoka mkekani. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tulikuwa tunavaa kwa kanisa. Mama Josée, mama wa Aline, akapiga na simu ya muuguzi. Aline anavuja damu, wanatafuta watu wa kutoa. Cyprien akaniambia, Providence, Bwana mwenyewe aliponya siku ya Sabato. Akachukua piki. Hata tai hakuvua."

Apolline alimwomba waingie ndani.

Sebule ilikuwa ndogo. Pale pikipiki mbili zilipolala kila usiku, kwa kuogopa wezi, kulikuwa na madoa ya mafuta. Kati ya madoa kulikuwa na alama nyeupe, povu la sabuni lililokauka. Sabuni ndiyo hutelezesha tairi. Apolline aliangalia kwenye beseni la vyombo. Vijiko saba. Viwili vilikuwa vimepinda mpini, na ndani ya mikunjo kulikuwa na weusi wa mpira.

"Nani alifungua tairi humu?"

"Sijui. Labda Cyprien."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Usiku."

"Mama Ornella, Cyprien alikuwa anashika spana baada ya jua la Ijumaa kuzama?"

Mtaa mzima ulijua. Ijumaa jioni Cyprien alifunga spana zake kwenye kitambaa na kuziweka chini ya kitanda, na hata mvua ikiingia ndani hakuzigusa hadi Jumamosi jioni. Ndiyo maana aliyefungua tairi alitumia vijiko.

Apolline alichukua kijiko kimoja kilichopinda. Alikiachia tu.

Ting'.

Providence alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano.

"Ulikisikia," Apolline alisema polepole.

"Nilinyoosha mukono. Cyprien alikuwa pembeni yangu."

"Na sebuleni alikuwa analala nani?"

"Usiniulize, mama." Machozi yalianza. "Ni tumbo moja na minye. Mama yetu alipokufa, ni minye nilimubeba mugongoni. Nimebakia na nani sasa? Na nani?"

Apolline naye alikuwa na mtoto aliyemwacha asubuhi ile kwa jirani, anayenyonya bado. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Halafu alisema:

"Kule kituoni kuna baba wa watoto wanne. Wakirudi kutoka makaburini watamchoma kwa kazi ambayo hakuifanya. Unajua hivyo?"

Providence alijifuta uso kwa kitenge.

"Najua," alisema. "Piki ya Ezéchiel iko nyuma ya choo. Ameifunika na turubai."

Bruno aliletwa katikati ya askari wawili. Waendesha pikipiki walijaa uani, lakini Apolline alikuwa ameweka sharti moja: hakuna anayeongea. Turubai likavutwa. Pikipiki ya Ezéchiel ilikuwa na tairi jipya nyuma, vijinywele vya mpira bado havijaisha.

Bruno alichuchumaa. Alitoa hewa. Aliingiza vyuma vyake viwili, kimoja huku, kingine kule, akalitoa tairi kwa utaratibu wa mtu anayemvua mtoto nguo. Akaligeuza ndani nje kwenye mwanga.

Nukta tatu.

"Ni hii," Bruno alisema. Hakufurahi. Alikaa hapohapo chini.

Apolline aligeuka. Ezéchiel alikuwa bado ameshika kiti.

"Ulimpigia Cyprien simu mara kumi na moja. Mtu anayengoja mgeni hupiga mara mbili. Ulikuwa unaogopa nini?"

Kiti kilianguka.

"Nilikuwa nimetoka kutafuta dawa," Ezéchiel alisema. "Narudi, mama-mukwe ananiambia, usijali, Cyprien iko njiani, anakuja kutoa damu. Nikamuuliza, na nini? Anakuja na nini? Akasema, na piki. Nikapiga. Nikapiga tena. Ilikuwa inalia tu." Alijishika kichwa. "Nilitaka kumuambia asimame. Asimame tu, aache piki hapo, atembee na miguu."

"Dix-huit ile ilikuwa yako."

"Yangu. Niliinunua sababu hakukuwa ingine. Bruno alikatala kunifungia. Nikajifungia. Mu mji ilikuwa inaenda. Lakini Aline na tumbo lile, mpaka Sange? Nilijua haitafika. Na ya Cyprien iko pale, mupya, na ni Sabato. Cyprien haendeshake piki Sabato. Miaka tisa sijamuona akiendesha siku hiyo. Nikasema, nitaenda, nitarudi mbele jua lizame, nitairudisha. Nikamuwekea ile yangu, piki isimame vizuri, asijue."

"Ulifanyia ndani?"

"Kufungua, ndani. Hewa nilipigia huku nyuma, wasisikie."

"Aline?"

"Iko muzima. Mulinzi wa hospitali alitoa damu. Mutoto naye muzima. Musichana."

Vainqueur alikuwa amevua kofia yake, anaizungusha mikononi. Waliokuja na mawe walikuwa wanaangalia magurudumu ya nyuma ya pikipiki zao, moja baada ya nyingine.

Providence alikuja polepole hadi mbele ya mdogo wake. Watu walidhani atampiga. Alimshika tu kola, akaishikilia, kama alivyomshika zamani wakivuka mto.

"Ulikuwa unalala hatua tatu na yeye," alisema. "Pazia tu. Sababu gani hukumuamsha?"

"Yaya, dada yangu, nilifikiri atakatala." Ezéchiel alilia sasa bila kujificha. "Pneu siku hizi, nani anampatia mwenziye? Niliomba kwa watu watano. Marafiki. Wote walikatala, hata wale nimewabebea wagonjwa wao. Nikasema, naye atakatala, halafu atajua ninaitaka, ataificha. Ni hivyo tu, Yaya. Ni hivyo tu."

Apolline alitoa pingu. Alimfunga mikono mbele, si nyuma, ili aweze kujifuta uso. Alimwambia Basile amwachie Bruno, na Vainqueur mwenyewe amsindikize hadi kwa watoto wake, kwa miguu. Vainqueur alitii. Alipopita mbele ya Bruno alisema, "Kaka, kesho ninakuletea yangu uitoe," na Bruno akatikisa kichwa kukubali.

Walipofika kwenye lango, Ornella alikuwa amesimama hapo. Binti wa Cyprien, miaka sita, gauni lake la Sabato bado mwilini tangu jana kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumvua. Mkononi alikuwa na kijiko kilichopinda. Alikuwa anajaribu kukinyoosha.

Ezéchiel alisimama. Askari wakasimama naye.

Mtoto aliinua uso, akamtazama mjomba wake bila hasira, kama mtu anayesahihisha kosa dogo.

"Tonton," alisema, "papa angekupatia."