Vibali Kwanza, Pingu Baadaye

"Kipanga, mfunge pingu sasa!"

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude kilichofichwa sikioni. Jasusi Kipanga alisikia. Aliendelea kumtabasamia tajiri wa dobi, kama mnunuzi mwenye pesa zake.

Nyuma ya kioo wanawake walipiga pasi mashuka ya hoteli, wote wahamiaji kutoka nchi za nje. Vibali vyao vya kazi vilisajiliwa kwa jina la tajiri, na leo alikuwa anawauza kwa jumla.

"Kipanga! Ushahidi tunao!"

Ushahidi walikuwa nao hata kwenye msako wa shambani, mwaka jana. Walimkamata mwajiri asubuhi, vibali alivyowashikia vikafutika, na jioni wafanyakazi wakapakiwa kwenye karandinga lilelile la polisi, warudishwe kwao. Mlinzi aliyemfungulia Kipanga geti alikuwemo. Alimpungia mkono, masikini, akidhani kosa litarekebishwa. Kipanga hakumpungia. Tangu siku hiyo halali vizuri, na anastahili.

"Hamisha vibali," alimwambia tajiri.

"Haraka ya nini, ndugu yangu? Mali hii haina miguu." Tajiri alicheka, akabonyeza kidole gumba kwenye Samsung yake. "Haya, wote wako chini ya kampuni yako. Akikuudhi mmoja, futa kibali. Hatakwenda popote."

Simu ya Kipanga ilitetemeka. Vimeingia.

Tajiri alipoiona Glock, bastola ya Kipanga, mkono wake ulikuwa bado haujafika kwenye droo. Pingu zikalia.

Mpiga pasi aliyekuwa akimpenyezea Kipanga habari aliingia, kiganja kimebabuka kwa mvuke.

"Kaka, sasa kibali changu kiko kwa nani?"

Kipanga aliitazama simu yake. "Kwangu."

"Aa." Akainamisha kichwa kama alivyomwinamia tajiri kila siku. "Basi shikamoo, bosi."

Aibu ilimchoma Kipanga mpaka masikioni.

"Kazi safi," alisema Mkuu. "Usiwaachie. Ni mashahidi wetu. Wakiwa chini yetu, hawatakwenda popote."

Maneno yaleyale ya tajiri.

Kipanga alifungua simu. *Ruhusa ya kuchagua mwajiri mwingine: wote.* Akabonyeza kidole.

"Kipanga! Umefanya nini?"

"Nadhani nimejifukuzisha kazi, Mkuu."

Akachomoa kidude sikioni, akakitumbukiza kwenye mashine ya kufulia.

"Dada, uko huru. Tafuta kazi unakotaka."

"Nikitoka sasa hivi, hakuna wa kuniripoti nimetoroka?"

"Hakuna."

Alivua aproni. Akatoka hadi barabarani, akasimama juani, akageuka kutazama kama kuna atakayemwita. Hakuna aliyemwita.

Akampungia Kipanga mkono.

Mkono wa jasusi uligoma kuinuka. Aliutia mfukoni, akavaa miwani yake ya jua, akaondoka taratibu, kama mtu asiyedaiwa na yeyote.